Kusakinisha mfumo mwingine wa uendeshaji kwenye Asus Eee PC

Kusakinisha mfumo mwingine wa uendeshaji kwenye Asus Eee PC ni kazi ya kuondoa mfumo uliowekwa kiwandani katika kompyuta hiyo ndogo na kuweka mwingine mahali pake, au kuweka mfumo wa pili kando ya ule wa kwanza. Eee PC ni jina la kompyuta mpakato ndogo zilizotengenezwa na kampuni ya Asus ya Taiwan kuanzia mwaka 2007. Zile za miaka ya mwanzo ziliuzwa zikiwa na Linux ya aina ya Xandros au Windows XP, na mifumo hiyo miwili haipati tena marekebisho ya usalama. Kwa sababu hiyo mashine inaweza kuwa nzima kabisa lakini isifae kuunganishwa na intaneti hadi mfumo wake ubadilishwe.

Kazi yenyewe inafanana na ile ya kompyuta kubwa, isipokuwa katika mambo manne: Eee PC haina kisomaji cha CD, nafasi yake ya kuhifadhi ni ndogo, prosesa za modeli nyingi ni za biti 32, na skrini yake ni fupi. Karibu kila tatizo linalowapata wasakinishaji hutokana na mojawapo ya mambo hayo.

## Historia

Asus ilionyesha Eee PC kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya Computex mjini Taipei mnamo Juni 2007. Modeli ya kwanza, Eee PC 701, ilianza kuuzwa Taiwan mnamo Oktoba mwaka huohuo. Ilikuwa na uzito wa kilogramu 0.92 na bei yake ilikuwa chini sana kuliko ile ya kompyuta mpakato za kawaida. Mafanikio yake yaliwafanya watengenezaji wengine kama Acer, Dell, HP na Samsung watoe mashine za aina hiyo. Kundi hilo lote likaja kuitwa netibuku.

Wakati huohuo mradi wa Laptopu Moja kwa Kila Mtoto ulikuwa ukitengeneza kompyuta ndogo ya XO kwa ajili ya shule. Nayo ilitumia Linux. Rwanda ni miongoni mwa nchi zilizonunua XO kwa wingi kwa ajili ya shule za msingi.

Mwanzoni Eee PC ziliuzwa na Linux pekee, kwa kuwa Windows Vista, iliyokuwa toleo jipya la Microsoft wakati huo, ilikuwa nzito mno kwa mashine hizo. Mnamo Aprili 2008 Microsoft ilitangaza kwamba ingeendelea kutoa Windows XP Home kwa kompyuta ndogo za bei nafuu, ingawa XP ilikuwa ikiondolewa sokoni kwa kompyuta nyingine. Baada ya hapo netibuku nyingi ziliuzwa na XP, na baadaye na Windows 7 Starter. Utengenezaji wa Eee PC ulikoma mwanzoni mwa mwaka 2013, wakati tabuleti zilipokuwa zimechukua sehemu kubwa ya wateja wake.

## Sifa za mashine

Kabla ya kuchagua mfumo ni lazima kujua modeli, kwa sababu jina la Eee PC linajumuisha mashine zenye uwezo tofauti. Kwa kawaida namba ya modeli imeandikwa kwenye kibandiko chini ya kompyuta.

| Modeli | Mwaka | Prosesa | Biti | RAM ya kiwandani | Skrini |
|---|---|---|---|---|---|
| 701 | 2007 | Intel Celeron M 353 | 32 | MB 512 | inchi 7, pikseli 800 × 480 |
| 900 | 2008 | Intel Celeron M 353 | 32 | GB 1 | inchi 8.9, pikseli 1024 × 600 |
| 901 | 2008 | Intel Atom N270 | 32 | GB 1 | inchi 8.9, pikseli 1024 × 600 |
| 1000H | 2008 | Intel Atom N270 | 32 | GB 1 | inchi 10, pikseli 1024 × 600 |
| 1005PE | 2010 | Intel Atom N450 | 64 | GB 1 | inchi 10.1, pikseli 1024 × 600 |

Eee PC 701 ya kawaida ina hifadhi ya SSD ya GB 4 iliyolehemiwa kwenye bodi kuu, kwa hiyo haibadilishwi kirahisi. Ina nafasi tatu za USB na nafasi moja ya kadi ya SD. Prosesa yake ina uwezo wa megahezi 900, lakini kiwandani ilipangwa kwenda kwa megahezi 630. Modeli ya 1000H ina diski kuu ya kawaida, ambayo ni kubwa zaidi na inaweza kubadilishwa.

## Mifumo ya kiwandani

Xandros ya Eee PC ilitokana na Debian. Badala ya eneokazi la kawaida ilikuwa na kurasa zenye picha kubwa zilizogawanywa kwa kazi, kama vile intaneti, kujifunza na burudani. Iliwaka haraka na mtu asiyewahi kutumia kompyuta aliweza kuielewa.

Ndani yake hifadhi iligawanywa sehemu mbili kuu. Ya kwanza ilibeba mfumo wenyewe na ilikuwa ya kusomwa tu. Ya pili ilibeba faili za mtumiaji pamoja na mabadiliko yote, na mfumo ulizionyesha zote mbili kana kwamba ni moja. Mpangilio huo ulikuwa na faida: kwa kubonyeza F9 wakati wa kuwasha, mtumiaji aliweza kurudisha mashine katika hali ya kiwandani. Lakini ulikuwa pia na hasara mbili. Kuondoa programu ya kiwandani hakukuongeza nafasi hata kidogo, kwa sababu nakala yake ilibaki katika sehemu ya kwanza. Tena kila sasisho lilihifadhiwa katika sehemu ya pili, kwa hiyo nafasi ya mtumiaji iliendelea kupungua.

Usalama nao ulizua maswali mapema. Mnamo Februari 2008 watafiti walionyesha kwamba Eee PC mpya ingeweza kuingiliwa kupitia mtandao, kwa sababu Samba, programu ya kushirikisha faili iliyokuja nayo, lilikuwa toleo lenye kasoro iliyokwisha kutangazwa mwaka 2007.

Kwa upande wa Windows, Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haina toleo la biti 32, na inahitaji RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Kwa hiyo Eee PC za Celeron M na Atom N270 hazina tena toleo la kawaida la Windows linalopata marekebisho, na kwa vitendo njia iliyobaki ni Linux au mfumo mwingine huria.

## Kuchagua mfumo

Jambo la kwanza ni biti. Prosesa ya biti 32 haiwezi kuendesha mfumo wa biti 64, hata mfumo huo uwe mwepesi namna gani. Distro nyingi zimeacha kutoa matoleo ya biti 32. Ubuntu iliacha kutoa diski ya kusakinishia ya biti 32 kwa eneokazi lake kuanzia toleo la 17.10 la mwaka 2017. Debian 12 ya mwaka 2023 bado ina kisakinishi cha biti 32, lakini Debian 13 ya mwaka 2025 haina.

Jambo la pili ni PAE, uwezo wa prosesa wa kufikia kumbukumbu kubwa kwa njia maalumu. Baadhi ya prosesa za Celeron M za zamani, ikiwemo ile ya modeli 701, haziutangazi uwezo huo. Mfumo unaoudai hukataa kuwaka na hutoa ujumbe wa kosa mara moja. Ubuntu imeudai tangu toleo la 12.10. Modeli zenye Atom N270 hazina tatizo hilo.

Jambo la tatu ni RAM. Eneokazi kamili kama GNOME halifai kwa MB 512. Mifumo inayotumika zaidi kwenye mashine hizi ni ifuatayo:

- Debian 12 ya biti 32, pamoja na eneokazi jepesi kama LXDE au Xfce. Kiini chake kinapatikana pia katika aina isiyodai PAE.
- antiX, inayotokana na Debian na iliyokusudiwa kompyuta za zamani. Haitumii eneokazi kamili bali kisimamizi cha madirisha pekee.
- Puppy Linux, inayoweza kupakiwa yote kwenye RAM na kutumika bila kusakinishwa.
- Tiny Core Linux, yenye ukubwa wa makumi machache tu ya megabaiti. Mtumiaji huongeza mwenyewe kila programu anayoihitaji.

Miaka ya 2008 hadi 2010 zilikuwepo pia distro zilizotengenezwa mahususi kwa ajili ya netibuku, kama EasyPeasy na Ubuntu Netbook Remix. Bado hutajwa katika maelekezo ya zamani, lakini hazitunzwi tena na hazifai kusakinishwa leo kwenye mashine itakayounganishwa na intaneti.

## Maandalizi

Usakinishaji wa kawaida hufuta kila kitu kilichomo kwenye hifadhi. Kurudisha faili baada ya hapo ni kazi ngumu isiyo na uhakika, na kwenye SSD mara nyingi haiwezekani. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kunakili nyaraka, picha na anwani kwenye flashi au diski ya nje, kisha kufungua baadhi ya faili hizo kwenye kompyuta nyingine ili kuhakikisha kwamba nakala ni nzima. Hasara nyingi hutokea hapa, pale mtu anapoamini kwamba amenakili folda yote kumbe amenakili njia ya mkato tu.

Vifaa vinavyohitajika ni hivi:

- flashi ya USB ya GB 4 au zaidi isiyo na kitu cha thamani, kwa kuwa nayo itafutwa;
- kompyuta nyingine ya kutayarishia flashi hiyo;
- chaja ya Eee PC, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi mfumo unaweza kubaki nusu;
- kebo ya mtandao, ikiwezekana, kwa ajili ya hali ambayo Wi-Fi haitatambuliwa mara moja.

Mtumiaji hupakua taswira ya diski, yaani faili moja yenye mfumo mzima wa kusakinishia, kutoka tovuti rasmi ya distro. Tovuti hiyo huonyesha pia namba ndefu ya ukaguzi iitwayo SHA-256. Namba hiyo hulinganishwa na ile inayokokotolewa kutoka faili iliyopakuliwa. Zikitofautiana, faili imeharibika njiani au imechezewa, na haifai kutumika. Ukaguzi huu una maana zaidi pale ambapo mtandao hukatikakatika.

Kuinakili faili hiyo kwenye flashi kama zinavyonakiliwa picha hakutoshi. Inahitajika programu ya kuiandika ili flashi iweze kuwasha kompyuta. Kwenye Windows hutumika sana Rufus, na kwenye Linux hutumika amri ya `dd` au programu ya balenaEtcher. Amri ya `dd` haiulizi mara mbili: mtu akikosea jina la diski anaweza kuifuta diski kuu ya kompyuta anayoitumia kutayarishia.

## Hatua za usakinishaji

1. Kompyuta huzimwa, flashi huchomekwa, na chaja huunganishwa.
2. Kompyuta huwashwa na kitufe cha F2 hubonyezwa mfululizo ili kuingia kwenye mipangilio ya BIOS. Modeli zenye kipengele cha Boot Booster hukizima kwanza. Kipengele hicho huharakisha uwashaji kwa kuruka ukaguzi wa vifaa, hivyo kinaweza kuifanya flashi isionekane.
3. Mabadiliko huhifadhiwa na kompyuta huwashwa upya. Safari hii hubonyezwa Esc ili kupata orodha ya vifaa vya kuwashia, kisha flashi huchaguliwa.
4. Kama distro ina hali ya kujaribia, mfumo huendeshwa kwanza kutoka kwenye flashi bila kugusa hifadhi. Wi-Fi, sauti, mwanga wa skrini na kamera hujaribiwa hapo. Kitu kisichofanya kazi katika hali hii hakitapona chenyewe baada ya kusakinishwa.
5. Kisakinishi huanzishwa. Lugha, saa za eneo na mpangilio wa kibodi huchaguliwa.
6. Hifadhi hugawanywa. Kwenye SSD ya GB 4 sehemu moja kuu hutosha. Kabla ya kuthibitisha, ukubwa wa diski hulinganishwa na ule unaojulikana wa mashine, ili flashi au kadi ya SD isichaguliwe kwa makosa.
7. Jina la mtumiaji na nywila huwekwa. Mwishoni kisakinishi huweka programu ndogo ya kuwashia mfumo, kwa kawaida GRUB, kwenye hifadhi ya ndani.
8. Flashi huondolewa na kompyuta huwashwa upya.

Wasiotaka kuifuta Xandros wana njia nyingine: kusakinisha mfumo mpya kwenye kadi ya SD na kuichagua kwa Esc kila wanapowasha. Mfumo ulio kwenye kadi huwa wa polepole kidogo, lakini ule wa kiwandani hubaki salama. Katika njia hii GRUB nayo ni lazima iwekwe kwenye kadi, wala si kwenye hifadhi ya ndani.

## Matatizo ya kawaida

Vitufe vya kisakinishi havionekani. Dirisha lililotengenezwa kwa skrini kubwa hupita kimo cha pikseli 480, na kitufe cha kuendelea hubaki chini ya skrini. Katika maeneokazi mengi ya Linux mtumiaji hushikilia Alt na kuliburuta dirisha juu kwa kipanya. Kisakinishi cha maandishi cha Debian hakina tatizo hili.

Wi-Fi haionekani. Mwaka 2007 viendeshi vya Wi-Fi na mtandao wa kebo vya modeli 701 havikuwemo katika kiini cha Linux, na watumiaji walilazimika kuvitengeneza wenyewe. Baadaye viliingizwa kwa majina ya ath5k na atl2, kwa hiyo distro za sasa huvitambua bila kazi ya ziada. Tatizo likibaki, kwanza huangaliwa kama Wi-Fi imezimwa kwa vitufe vya Fn na F2.

Nafasi imekwisha. Mfumo mzima wenye ofisi, michezo na lugha nyingi haukai kwenye GB 4. Suluhisho ni kusakinisha msingi tu, kisha kuongeza programu mojamoja.

Tovuti zinakataa kufunguka kwa sababu ya vyeti vya usalama. Mara nyingi chanzo ni saa. Betri ndogo ya bodi kuu ikifa, tarehe hurudi miaka mingi nyuma, na kivinjari huona kila cheti kama kisicho halali bado. Kurekebisha tarehe hutatua tatizo. Sababu hiyohiyo huweza kuzuia masasisho ya Debian.

## Baada ya kusakinisha

Kazi ya kwanza ni kusasisha mfumo. Ya pili ni kupunguza uandikaji usio wa lazima kwenye SSD, ambayo kwenye modeli za mwanzo ni ya polepole. Chaguo la `noatime` huzuia mfumo kuandika saa ya kila faili inaposomwa. Faili za muda za kivinjari zinaweza kuwekwa kwenye RAM iwapo inatosha.

Kuongeza RAM ndiko kunakoleta tofauti kubwa zaidi. Eee PC 701 hupokea kipande cha DDR2 cha hadi GB 2, na nafasi yake hufikiwa kwa kufungua kifuniko kidogo chini ya mashine. Kiini cha Xandros ya kiwandani kilitambua GB 1 tu, lakini mifumo ya sasa huitambua yote.

## Matumizi ya Kiswahili

Linux ina mipangilio ya Kiswahili kwa Tanzania na Kenya, inayojulikana kama sw_TZ na sw_KE. Hiyo huamua majina ya siku na miezi, sarafu na namna ya kuandika tarehe, hata pale menyu za programu zinapobaki kwa Kiingereza. Katika uwanja wa programu za ofisi, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Debian ina pia kifurushi cha kamusi ya Kiswahili, `hunspell-sw`, kinachotumika kukagua tahajia. Ni kidogo, na kinakaa vizuri hata kwenye SSD ya GB 4.

## Mipaka

Mfumo mpya hurudishia Eee PC usalama na programu za kisasa, lakini haubadilishi prosesa wala skrini. Kuandika, kusoma vitabu vya kidijitali, kujifunza programu za kompyuta, kusikiliza muziki na kuhifadhi kumbukumbu za duka dogo ni kazi zinazowezekana. Kurasa nzito za intaneti, mikutano ya video na video za ubora wa juu huishinda mashine yenye MB 512, na nyingi kati ya hizo huilemea hata yenye GB 2.

Mpaka mwingine ni muda. Kadiri distro zinavyoacha biti 32, mifumo inayofaa huzidi kupungua. Modeli zenye Atom N450, ambazo ni za biti 64, zina nafasi ya kuendelea kupata mifumo mipya kwa muda mrefu kuliko modeli 701. Kwa zile za biti 32, mfumo uliosakinishwa unafaa kuunganishwa na intaneti kwa muda ule tu ambao distro yake inaendelea kutoa marekebisho ya usalama. Baada ya hapo mashine bado inaweza kutumika nje ya mtandao.